Kengele ya Usaili: Kigugumizi na Udahili wa Vyuo vya Udaktari

Kigugumizi, yaani hali ya usemi kukatika kwa kurudiarudia sauti, kuivuta au kukwama kabisa ilhali msemaji analijua vema neno analotaka kulitamka, humpata takribani mtu mzima 1 katika kila 100, na kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya walikichukulia kuwa kasoro ya kiungo. Mwaka 1841, kabla etha, dawa ya usingizi, haijaanza kutumika katika upasuaji, Johann Friedrich Dieffenbach wa Berlin aliwakata wagonjwa kipande cha shina la ulimi kwa imani hiyo, na mtindo huo, kwa bahati njema, haukudumu.

Fikra iliyowafaa zaidi waombaji wa vyuo vya udaktari wenye kigugumizi ilichipuka katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, ambako Wendell Johnson na Charles Van Riper, wote wawili wenye kigugumizi, walisomea taaluma ya matatizo ya usemi. Van Riper, aliyeanzisha kliniki mjini Kalamazoo mwaka 1936, alifundisha kwamba mtu asikifiche kigugumizi bali agugumize bila kujikaza, hata kwa makusudi, kwa kuwa jitihada ya kuficha ndiyo inayozidisha mkazo. Ushauri ambao waombaji wengi hupewa leo, wa kuitaja hali yao mwanzoni mwa usaili, unafuata mkondo huo.

Usaili wenyewe nao ulibadilika. Katika mtindo wa zamani mwombaji aliketi mbele ya jopo moja, na chuki au huruma ya msaili mmoja iliweza kuamua hatima yake. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha McMaster, huko Ontario, Kanada, kilibuni usaili wa vituo vingi, ulioelezwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2004, ambapo mwombaji huzunguka vituo vifupi, kwa kawaida vya dakika 8 hivi, na katika kila kimoja hukutana na msaili mwingine hadi kengele inapolia. Mtindo huo ulienea hadi vyuo vya famasia na vya tiba ya meno. Ulikusudiwa kuleta haki, na kwa kiasi kikubwa umeileta, lakini ulizaa mtego ambao waanzilishi wake hawakuulenga: jina la mtu, ambalo halina kisawe cha kukimbilia, ni miongoni mwa maneno yanayowakwamisha zaidi wenye kigugumizi, na aliyekuwa akijitambulisha mara moja mbele ya jopo sasa hujitambulisha mbele ya wageni 8 au 10, huku kila sekunde ya kukwama ikila muda wa jibu. Katika mazingira hayo saa hupima wepesi wa ulimi pamoja na busara, ingawa fomu ya alama hutaja busara peke yake.

Sheria nazo zinatoa nafasi ya kudai marekebisho ya usaili, kama vile muda wa ziada. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2008, iliorodhesha kusema miongoni mwa shughuli kuu za maisha, na Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inavidai vyuo marekebisho ya kadiri kwa mwombaji ambaye hali yake inatimiza masharti ya ulemavu. Hata hivyo, kwa kuwa waombaji wote husogea kwa kengele moja, dakika za ziada za mmoja huusimamisha mzunguko mzima, na ndiyo maana ombi la muda huo hufaa kupelekwa ofisi ya udahili kabla ratiba haijapangwa.