Chuo Chenye Chekechea

Mwaka 1967, yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kampeni ya kisomo iliyoshika kasi miaka ya 1970 iliwaketisha darasani kwa mamilioni, wakulima na akina mama. Sasa mtu aliyekwisha jua kusoma aende wapi? Sekondari zilikuwa chache, na umri ulikuwa umempita.

Jibu lilikuwa na asili ya mbali. Mwaka 1844, huko Rødding, Wadenmark walifungua shule ya wananchi kwa ajili ya vijana wa mashambani, na Waswidi nao wakaanzisha za kwao. Mwalimu Nyerere alivutiwa na wazo hilo. Kwa msaada wa Sweden, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza mwaka 1975, vingi katika majengo yaliyokuwa ya vituo vya kufundishia wakulima. Leo viko 54.

Mlango wake ulikuwa mpana. Aliyeishia darasa la saba alipokewa, akafundishwa kwa Kiswahili, akapewa kitanda bwenini. Katika useremala alijifunza kusukuma randa kwa kufuata nyuzi za ubao mpaka maranda yatoke membamba na kujikunja. Katika uashi, kuning'iniza timazi na kusubiri itulie kabla ya kupanga tofali linalofuata. Hapo hakuna anayeulizwa alipata alama ngapi.

Msaada wa Sweden ulipokoma miaka ya 1990, vyuo vingi vilichakaa, mapaa na vifaa vyake. Ilikuwa hasara kubwa, maana waliokuwa wakivitegemea hawakuwa na pengine pa kwenda.

Lakini katika historia yote hii, kinachostahili kukumbukwa kuliko karakana ni chekechea. Vyuo hivi vilikuwa na mahali pa kulelea watoto ndani ya uwanja wa chuo, ili mama asome. Jambo dogo hilo ndilo lililoamua nani aingie na nani abaki nyumbani. Kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipomruhusu kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Kabla ya ruhusa hiyo, vyuo vya wananchi vilikuwa vimeshaanza kuwapokea akina mama hao vijana kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaosimamiwa na Karibu Tanzania Organization: masomo ya sekondari, ufundi wa mkono, na malezi ya mtoto palepale.

Anayejifunza ushonaji hukata kitambaa, hutia uzi, hukanyaga cherehani. Wakati wa mapumziko huiacha nguo chini ya sindano, akavuka uwanja kwenda kunyonyesha, kisha akarudi kumalizia mshono.