Ngome ya Yesu, Mombasa: Kuta, Wenyeji na Ulinzi wa Bandari, 1593–1837

Ngome ya Yesu imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe katika kisiwa cha Mombasa, ikitazama mlango wa bandari ya kale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Kiitalia, baada ya Mturuki Mir Ali Bey kuivamia pwani mara mbili katika miaka ya 1580 na kuungwa mkono na miji kadhaa ya Waswahili.

Kuhusu ubora wa jengo hilo wataalamu hawatofautiani. UNESCO, ilipoliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, ililitaja kuwa miongoni mwa mifano bora ya ngome za Kireno za karne ya 16. Kasoro ni pale sifa za jengo zinapogeuzwa kuwa maelezo ya historia, kana kwamba aliyemiliki kuta ndiye aliyemiliki bandari. Kumbukumbu za ngome yenyewe zinakanusha dai hilo. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, aliingia ndani kama mgeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuitwaa ngome pasipo kubomoa ukuta wowote.

Ushahidi mzito zaidi ni mzingiro wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Ulipoanza, Wareno ndani ya ngome walikuwa wachache sana. Wengi wa waliokimbilia humo walikuwa wenyeji wa pwani. Kwa miezi 33 kuta hazikuvunjwa. Kilichoangamiza watu ni maradhi na njaa. Kapteni António Mogo de Melo alipofariki Agosti 1697, ulinzi ulibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake, Waafrika wachache na wanawake wapatao 50. Hao ndio walioishikilia ngome hadi msaada ulipofika kwa bahari mwezi uliofuata. Mwaka huohuo merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama chini ya ngome hiyohiyo. Waomani walipoingia hatimaye, waliwakuta walinzi wachache mno. Merikebu nyingine za msaada zilifika siku chache baadaye, bendera ikiwa imekwishabadilishwa.

Inaweza kujibiwa kwamba bila kuta imara mzingiro usingedumu miezi 33. Hilo ni kweli, lakini linathibitisha tu kwamba kuta zilichelewesha anguko. Urefu wa ucheleweshaji huo uliamuliwa na chakula, afya na utiifu wa watu ambao majina yao, isipokuwa Bwana Daud, hayapewi nafasi katika masimulizi ya usanifu.

Matukio ya baadaye yanafuata mkondo huo. Wareno walirudi mwaka 1728 kwa kutumia mfarakano wa Waomani na msaada wa Pate. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe waliwainukia, na ngome ikasalimu amri. Baadaye Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, waliitawala Mombasa kwa karibu karne nzima kwa kutegemea miungano yao na Mataifa Kumi na Mawili ya mji huo na majirani wao Wamijikenda. Mwaka 1837, miungano hiyo ilipokwisha kugawanyika, Sayyid Said, mtawala wa Omani, aliichukua Mombasa.

Kwa hiyo Ngome ya Yesu haifai kusomwa kama chanzo cha mamlaka juu ya bandari. Ilikuwa chombo, na nguvu yake ilitoka kwa wenyeji walioilisha, kuilinda au kuisusia. Huenda hoja hii ikahusu ngome nyingine za pwani pia. Kwa Mombasa, ushahidi wa 1696–1698 hauachi nafasi ya tafsiri nyingine.