Ghuba Zilizokuzwa: Hesabu Iliyojificha Katika Ramani za Kale za Mediterania

Ukiiweka ramani ya mabaharia iliyochorwa Genoa, Venice au Majorca katika karne ya 14 kando ya ramani ya leo, utaona mambo mawili yasiyopatana. Umbo la jumla la Mediterania linatambulika papo hapo: Italia ipo mahali pake, Sicily ipo mahali pake, na safari kutoka rasi hadi rasi inaweza kupangwa kwa dira. Ukiukaribia ufukwe, hata hivyo, mambo hubadilika. Vihori vimepanuka, rasi zimerefuka kupita kiasi, na visiwa vidogo vimepewa ukubwa usio wao. Wengi wameyahesabu haya kuwa makosa ya watu wa zamani wasiokuwa na vyombo vya kupimia. Nadhani hukumu hiyo inachanganya upotoshaji wa aina mbili: mmoja ulikusudiwa, mwingine haukukusudiwa, na bila kuutenganisha hatuwezi kujua mabaharia wale walijua nini.

Tuanze na hesabu. Ramani hizi kwa kawaida zilichorwa juu ya ngozi moja ya mnyama, na ili Mediterania yote ienee hapo, pamoja na Bahari Nyeusi na kipande cha Atlantiki, skeli ilibidi iwe ndogo, tuseme karibu 1:5,000,000. Kwa skeli hiyo kilomita moja ya pwani ni milimita 0.2 tu. Kisiwa cha Unguja, chenye urefu wa kilomita 85 hivi, kingechukua milimita 17. Mlango wa bandari wenye upana wa nusu kilomita ungechukua sehemu ya kumi ya milimita, wembamba ambao hakuna kalamu ya unyoya iwezayo kuuchora. Basi mchoraji hakuwa akichagua kati ya ukubwa sahihi na ukubwa wa uongo. Alichagua kati ya kuikuza bandari na kuifuta. Na kwa kuwa umbali kati ya rasi kubwa ulitakiwa ubaki palepale, nafasi aliyoipa bandari ilitolewa kwenye pwani nyoofu isiyo na kimbilio wala hatari.

Kwamba hili lilikuwa chaguo, ramani zenyewe zinashuhudia. Ile iitwayo Carta Pisana, ya mwishoni mwa karne ya 13, inayohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na nyingine zilizoifuata, zina majina ya pwani yaliyoandikwa upande wa nchi kavu ili bahari ibaki wazi kwa mistari ya dira. Ilizoeleka bandari kubwa kuandikwa kwa wino mwekundu, miamba kuwekewa alama ya msalaba, na mafungu ya mchanga kuonyeshwa kwa nukta. Aliyepanga hivi alikwisha kuamua kipi kina uzito kwa nahodha, na kukuza hori ni uamuzi wa aina ileile.

Kuna anayepinga kwamba ghuba nyingi zimechorwa kwa tao lilelile, pwani baada ya pwani, jambo linaloonyesha kwamba mchoraji hakujua maumbo halisi. Pingamizi hili lina ukweli wake. Tao hilo halielezi umbo. Linasema tu kwamba hapa pana ghuba. Lakini kwa skeli ile, habari hiyo ndiyo iliyoweza kubebwa. Pingamizi zito zaidi linahusu pwani ya Atlantiki. Mwaka 1896 mwanajiografia Mjerumani Hermann Wagner alionyesha kwamba maili ya upande wa Atlantiki hailingani na maili ya Mediterania ndani ya ramani moja. Hakuna nahodha aliyenufaika na tofauti hiyo. Inaelekea ilitokana na kuunganisha michoro ya sehemu mbalimbali iliyopimwa kwa maili tofauti. Bahari yote pia imegeuzwa takriban nyuzi 9 kinyume cha saa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dira ya wakati huo haikuelekea kaskazini halisi. Haya ni makosa ya kweli, na alama yake ni kwamba yanaenea eneo zima, huku ukuzaji wa makusudi ukishika sehemu moja moja ya pwani.

Je, ghuba iliyokuzwa haikuwapoteza mabaharia? Ingewapoteza kama wangeingia bandarini kwa kuitegemea ramani hiyo peke yake. Lakini walikuwa na vitabu vya maelekezo kama Lo compasso da navegare cha karne ya 13, walikuwa na bildi ya kupimia kina, na palipohitajika palikuwa na rubani. Piri Reis, nahodha wa Kituruki, aliona kwamba karatasi moja haitoshi. Kitab-ı Bahriye, alichokitoa mwaka 1521 na kukipanua mwaka 1526, kina michoro ya pekee ya bandari na visiwa. Nahodha Mwingereza William Owen alipoipima pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1820, njia ya kuipa bandari mchoro wake wa skeli kubwa ilikwisha kuwa kawaida.

Hata hivyo, ukuzaji haukuisha. Kwenye ramani ya leo ya 1:100,000, alama ya boya yenye milimita 3 inafunika mita 300 za bahari, na hakuna anayeiita kosa. Wachoraji wa karne ya 14 wanastahili kipimo hichohicho: walaumiwe kwa maili zisizolingana, si kwa hori waliloamua lionekane.