Ukweli wa nani? Ugomvi usiokwisha kuhusu wasanii wa 1848

Wanafunzi wangu huniuliza mbona vijana saba walioanzisha Udugu wa Pre-Raphaelite jijini London mwaka 1848 wangali wanawagombanisha watu. Jibu langu ni fupi: walijitangaza kuwa watetezi wa ukweli, na kila kizazi huwarudia na kuwauliza, ukweli wa nani?

Dante Gabriel Rossetti, William Holman Hunt, John Everett Millais na wenzao walichoshwa na kanuni za Royal Academy zilizomtukuza mchoraji Raphael. Walitaka msanii atazame maumbile kwa macho yake mwenyewe. Basi mwaka 1850 Millais akamwonyesha Yesu mtoto katika karakana ya seremala, miguu mitupu, maranda ya mbao yametapakaa sakafuni. Charles Dickens aliishambulia picha ile vikali. John Ruskin naye akawatetea katika gazeti la The Times mwaka uliofuata.

Zamu ya ushairi ikafika. Mwaka 1871 Robert Buchanan alimshutumu Rossetti kwa kuusifu mwili kupita kiasi. Kosa, kwa wakosoaji wote wawili, lilikuwa kuonyesha mambo waziwazi mno.

Leo shutuma imegeuka, tunauliza kilichofichwa. Elizabeth Siddal alilala ndani ya hodhi la maji ili Millais amchore Ophelia. Maji yakapoa, akaugua. Alipofariki mwaka 1862, Rossetti, mumewe, alizika naye mswada wa mashairi aliyoyatunga, kisha mwaka 1869 kaburi likafukuliwa ili mswada utolewe. Kisa hicho kinajulikana sana. Kisichojulikana sana ni kwamba Siddal alikuwa mchoraji na mshairi, na mashairi yake hayakuchapishwa akiwa hai.

Mwaka 2018 Manchester Art Gallery iliiondoa kwa wiki moja picha ya J. W. Waterhouse, mfuasi wao wa baadaye, yenye wasichana uchi majini, ili kuzua mjadala. Mjadala ukazuka kweli! Wengi waliona huo ni udhibiti wa sanaa.

Kwa maoni yangu, kuziondoa picha hizi hakumsaidii Siddal hata kidogo. Lakini pia kuzisifu na kumwacha abaki sura tu ndani ya maji ni kuivunja kanuni ya Udugu wenyewe. Walisema tutazame kilichopo. Haya, tutazame, michoro ya Siddal ipo, na mashairi yake yapo.