Kipimo cha Beighton

Kipimo cha Beighton ni njia ya kupima ulegevu wa viungo kwa alama 9. Hutumiwa na madaktari bingwa wa baridi yabisi, mifupa na jenetiki, na mgonjwa anayepelekwa kwao kwa sababu ya viungo vinavyoteguka ovyo ni nadra kukikosa.

Historia

Carter na Wilkinson walitoa orodha ya kwanza mwaka 1964; Peter Beighton na Horan wakairekebisha mwaka 1969. Umbo la sasa lilitokana na utafiti wa mwaka 1973 ambamo Beighton, Solomon na Soskolne waliwapima Watswana wa vijijini nchini Afrika Kusini. Kilibuniwa kwa uchunguzi wa jamii nzima. Kumwamulia mgonjwa mmoja ni mzigo ambao kilitwishwa baadaye.

Upimaji

Kidole cha mwisho kikisukumwa nyuma kupita nyuzi 90, kidole gumba kikigusa kigasha, kiwiko au goti likipinda kinyume zaidi ya nyuzi 10, kila upande hupata alama 1. Alama ya 9 ni kuinama bila kukunja magoti hadi viganja vilale sakafuni. Kwa vigezo vya mwaka 2017 vya sindromu ya Ehlers-Danlos, ugonjwa wa kurithi wa tishu unganishi, ulegevu wa jumla huhesabiwa kuanzia alama 6 kabla ya kubalehe, 5 hadi umri wa miaka 50, na 4 baada ya hapo. Aliyepungukiwa alama 1 huulizwa maswali 5 kuhusu zamani, likiwemo kama utotoni alipiga msamba au kuwachekesha wenzake kwa kujikunja. Bega, nyonga na taya havimo, kasoro kubwa kwa mtu ambaye bega ndilo linalomtesa.

Kujiandaa

Aina ya ulegevu ya sindromu ya Ehlers-Danlos haina kipimo cha damu, kwani jeni yake haijajulikana. Kwa hiyo maelezo ya mgonjwa yana uzito mkubwa pamoja na alama zenyewe. Kabla ya kwenda kwa daktari, inafaa aandike ni kiungo gani kiliteguka, lini, na kama kilirudi chenyewe. Abebe picha za eksirei na majina ya dawa. Ataje ngiri, michubuko isiyo na sababu na kizunguzungu cha kusimama. Kiungo kilichopasuliwa kitajwe mapema, maana kikikakamaa hupunguza alama. Habari ya ndugu aliyefariki ghafla kwa kupasuka mshipa mkubwa isisubiri kuulizwa.

Afrika Mashariki

Madaktari bingwa wa baridi yabisi ni wachache, wengi wakiwa katika miji mikubwa.