Tuwan na Kipsongo: Kitale ya Vibarua

Ukiuliza historia ya Kitale utapewa majina ya walowezi. Utaambiwa mji ulianza 1908, reli ikafika 1926, na mwaka huohuo Hugh Stoneham akaanzisha makumbusho yake ya vipepeo, ndege na vitabu. Yote ni kweli. Lakini waliopakia mahindi kwenye mabehewa hayo walilala wapi?

Wengi walilala shambani kwa mzungu, kipande cha utambulisho shingoni, kibandani pembeni mwa shamba wasilolimiliki. Mjini, mtaa wa kitajiri wa Milimani haukuwa wao. Wabukusu walipanda kutoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, wakawakuta Wasabaoti, Waturkana na wengine, na polepole mitaa ya chini ikajaa.

Uhuru ulipokuja, mashamba yalibadilisha wamiliki. Mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za ardhi. Mwanasiasa wa Kibukusu Masinde Muliro alikuwa mstari wa mbele kuwahimiza watu wake wanunue. Mengine yalishikwa na shirika la serikali la ADC, lililoundwa 1965. Kibarua ambaye hakuwa na hisa, hata kama alizaliwa shambani humo, alifunga virago. Mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, ulimpokea. Hapo ndipo Kitale ya leo ilipozaliwa, na nashangaa kwamba mwaka wa mtu kuhama na watoto na sufuria zake hauna nafasi katika tarehe za mji.

Mtaa jirani wa Kipsongo una kisa kizito zaidi. Ukame na wizi wa mifugo uliwasukuma Waturkana kutoka kaskazini. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote hafiki mjini na ufundi wa kuuza. Alijenga kwa matawi, makaratasi na matambara, akaokota vyuma na mabaki ya soko ili watoto wale. Miaka ikapita, watoto wakazaa watoto papo hapo, na bado wakaitwa wageni. Ghasia za kikabila za 1992 na za baada ya uchaguzi za 2008 zikaongeza waliokimbia mashamba, na kodi ya chumba cha mabati ikapanda.

Mitaa hii haikukaa ikingoja kuokolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa Tuwan, Kipsongo na Shimo la Tewa walikaa na manispaa na shirika ambalo sasa linaitwa Practical Action, wakapanga mitaa yao wenyewe. Zikatengenezwa chemchemi, vyoo na daraja. Kila asubuhi watu hawahawa ndio wanaofungua vibanda sokoni, wanaobeba matofali na kupakia magunia ya mahindi.

Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa kwa umma 1974 kutokana na mkusanyo wa Stoneham, yako palepale mjini. Naomba wasimamizi wake wateremke Tuwan na Kipsongo na kinasa sauti, wawarekodi wazee waliokuwa vibarua wa mashamba yale, majina ya mashamba na ya wanyapara yakiwa bado midomoni mwao. Na kaunti iwape wakazi hati za viwanja wanavyokalia.