Taa Zilizoitikia Intaneti
Sanaa ya mwanga inayoongozwa na watu walio mbali ilivuta macho mengi Mexico City, katika sherehe za kuukaribisha mwaka 2000. Msanii Rafael Lozano-Hemmer alizunguka uwanja wa Zócalo kwa taa kubwa 18 za kumulika angani, na yeyote mwenye intaneti aliweza kupanga miale yake.

Septemba 2001, klabu ya Chaos Computer Club, ikitimiza miaka 20, iligeuza jengo la Haus des Lehrers mjini Berlin kuwa skrini. Ufundi wake ulikuwa mwepesi mno, na hapo ndipo penye utamu: nyuma ya kila dirisha la ghorofa 8 za juu iliwekwa taa moja, na kompyuta ikawasha na kuzima taa zote 144. Wapita njia walicheza mchezo wa video wa Pong kwa simu za mkononi. Wengine walituma picha zinazocheza, hata barua za mapenzi, ambazo mpendwa aliziita kwa kupiga simu na kuingiza namba ya siri.

Mwaka 2002 mtindo huo ulihamia Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, kwenye madirisha 520; Toronto ikafuata mwaka 2008.